Nilikwenda Eigg kwa Siku Mbili, Nikakaa Nne

Tiketi yangu ilisema kwenda Alhamisi, kurudi Jumamosi. Nilirudi Jumatatu.

Eigg ni kisiwa kidogo magharibi mwa Scotland, chenye wakazi mia moja na ushei. Kutoka Glasgow unapanda treni hadi Mallaig, zaidi ya saa tano za milima na maziwa, kisha unavuka kwa meli. Mgeni haruhusiwi kuvusha gari. Nilishuka gatini Galmisdale na begi mgongoni, mwisho wa Oktoba, mvua ikinipiga ubavuni. Mimi mzaliwa wa Wete, Pemba, na nilidhani upepo wa bahari naujua. Lakini kusi letu lina miezi yake, unalitarajia. Huku asubuhi moja niliona jua, ukungu, mvua ya mawe, kisha jua tena, na chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Mama mwenye nyumba, kule Cleadale, hakunionyesha kitanda kwanza. Alinionyesha kijimashine kinachosoma matumizi ya umeme. "Ukitaka kuwasha birika, tazama hapa kwanza," akaniambia.

Hakuna waya wa umeme unaotoka bara. Tangu Februari 2008 kisiwa kinajizalishia chenyewe kwa maji ya vijito, upepo na jua, na jenereta za dizeli zipo kwa akiba tu. Ili uwatoshe wote, kila nyumba mwisho wake kilowati 5, na biashara 10. Nikakumbuka kwetu, ambako tangu 2010 umeme unatufikia kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Sisi tunaangalia ng'ambo. Hawa wanaangalia mawingu.

Ijumaa jioni jua lilizama hata saa kumi na mbili haijatimia. Oveni inawaka, mashine ya kufulia inazunguka, na mimi, Mpemba nisiyeishi bila chai, nikabonyeza birika. Pap! Giza. Mama wa watu akacheka, akapiga simu. Baada ya muda akaja bwana mmoja, viatu vinachuruzika maji, akarekebisha mambo kwa dakika mbili, kisha akakaa kunywa ile ile chai iliyoleta balaa.

Yeye ndiye aliyenieleza kwamba upepo ukizidi, umeme wa ziada hupelekwa kwenye hita za ukumbi wa jumuiya na makanisa. "Usiku huu kanisani kuna joto kuliko humu," alisema. Akanieleza pia habari za 1997. Zamani kisiwa kizima kilikuwa mali ya mtu mmoja, akiuza anakuja mwingine, na mpangaji hana uhakika hata wa paa lake. Juni mwaka huo wakazi na washirika wao wakakinunua kwa pauni milioni 1.5, nyingi zikiwa michango ya watu. Miaka kumi na moja baadaye wakawasha umeme wao. Sidhani bwanyenye yeyote angejisumbua na vijito vile.

Jumamosi bahari ikachafuka, meli haikuja. Nilikuwa peke yangu niliyehangaika. Dukani mkate umekwisha, basi watu wakaoka. Jirani akaleta mayai, akaondoka na mtungi wa maziwa, hakuna aliyetaja bei. Nikajitosa mvuani hadi ufuo wenye mchanga unaosifika kwa kulia ukiukanyaga. Kimya! Ukilowa haulii. Nikarudi Jumapili, upepo umeukausha, na kila nikiburuza mguu ukatoa mlio mwembamba kama kiatu kipya msikitini. Nilienda na kurudi ufuoni nikiuburuza kama mtoto, mlima wa kisiwa jirani cha Rum mbele yangu ukifunikwa na wingu na kufunuliwa.

Jumatatu meli ikaja, na nadhani nusu ya kisiwa ilikuwa gatini. Mitungi ya gesi, maboksi ya duka, barua, mbwa wanaobwekea kila kitu. Nikashangaa kumwona bwana wa umeme, sasa kavaa koti la njano, anadaka kamba za meli. Ndiye huyo huyo aliyepokea begi langu na kulisogeza kwenye ngazi.

"Birika umezima?" akaniuliza.

Nikasimama kufikiri. Sikuwa na hakika.