Kiporo cha Mwaloni

Mwaka 2018 nilimtengenezea tovuti mama mmoja anayeuza dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza. Kazi yake kubwa ilikuwa kuonyesha bei ya gunia kila asubuhi, ili wateja wa mikoani waache kumpigia simu usiku. Ila ilikuwa nzito! Unabonyeza, unaenda kuchota maji, unarudi kioo bado cheupe.

"Mwanangu, hiki kitu chako kimelala?"

Nilikuwa nimepanga nafasi kwenye seva ya bei chee: wapangaji wengi, bomba moja. Na kila mgeni akifungua ukurasa, WordPress, programu inayoendesha tovuti, inaanza kuuliza hifadhidata na kuupika wote upya. Dawa niliijua: kache. Ukurasa ukishapikwa, nakala inawekwa pembeni, anayefuata anapewa hiyo hiyo.

Usiku huo, chumbani kwangu Mabatini, nikawasha, nikapima, nikazima. Hakuna tofauti. Nikabadilisha programu-jalizi, kile kiongezo cha WordPress kinachotunza kache, mara mbili, nikailaani seva. Saa nane za usiku ndipo nikashtuka: nilikuwa napima nikiwa nimeingia kama msimamizi, na msimamizi hapewi nakala, yeye hupikiwa upya kila mara. Nikafungua dirisha la faragha, ambako tovuti inaniona mgeni tu. Sekunde 9 zikawa 2.

Kwa furaha nikawasha kila kitufe nilichokiona, kikiwemo cha kuviagiza vivinjari vya wateja, yaani programu za kufungulia tovuti kwenye simu zao, vitunze kurasa siku 7. Hapo nikajichongea.

Ilikuwa siku za giza, wavuvi wanawavuta dagaa kwa taa, mzigo tele, bei chini. Halafu mbalamwezi ikaanza kukolea. Mwanga ukitapakaa ziwani taa hazina kazi, mitumbwi inapumzika, bei inapaa. Mama akaandika bei mpya, akaiona vizuri kwenye simu yake (naye aliingia kama msimamizi, bila shaka). Asubuhi hiyo hiyo mteja wa Tabora akatuma hela ya magunia 12, kwa bei ya giza.

Nikafuta kache ya seva. Wapi! Nakala ilikuwa ndani ya simu ya yule bwana, na huko mkono wangu haufiki. Nikamwomba auvute ukurasa kwa kidole ujipakie upya. Bei mpya ikatokea, akacheka. "Kijana, hela nimeshatuma."

Nilimkuta mama akishona mdomo wa gunia. Nikajieleza weee. Hakunyanyua kichwa.

"Kumbe unawalisha watu kiporo. Cha wali sawa, mwanangu. Cha bei?"

Picha nikaziacha zitunzwe mwezi mzima, hazibadiliki. Ukurasa wa bei nikavikataza vivinjari kuutunza. Nakala ikabaki kwenye seva tu, nayo inafutika bei ikibadilishwa. Magunia 12 aliyatoa kwa bei ile ile, tofauti akaikata kwenye salio la malipo yangu. Sikubisha.

Miezi kadhaa baadaye, kila mbalamwezi ikikaribia, simu ilikuwa inaita alfajiri:

"Kiporo umemwaga?"