Uso wa Mtu Usiyemjua

Jumapili, usiku

Leo mchana kwenye kundi letu la WhatsApp la ukoo mtu ametuma stika ya mzee aliyelala ndani ya basi la mwendokasi, mdomo wazi, baraghashia imemteremkia hadi kwenye nyusi. Watu wamecheka, wengine wameihifadhi, na stika imeendelea na safari yake kwenye makundi mengine. Mimi nimebaki nikiitazama. Huyu ni baba wa mtu. Huenda alikuwa anatoka lindo la usiku, au alikesha wodini na mgonjwa, usingizi ukamzidi kabla basi halijafika Gerezani. Aliyempiga picha alikaa karibu naye kabisa, magoti kwa magoti, na hakumwambia neno. Sasa uso wake unatumiwa na watu wasiomjua kusema "nimechoka na kikao hiki", na yeye pengine hana habari. Siku mjukuu wake atakapoletewa stika hiyo na wenzake, amjibu nani?

Jambo hili linanisumbua kwa sababu na mimi ni mpiga picha. Mwisho wa wiki nikipata nafasi natoka na kamera, natembea kutoka Posta kupitia Kivukoni hadi Feri, au nazunguka Kariakoo mitaa ya Kongo na Msimbazi. Naipenda Dar es Salaam hasa kwa watu wake: wapiga debe, wabeba mizigo wanaokata njia wakiita "mzigo! mzigo!", mama lishe wanaopuliza mkaa. Siwezi kuupiga picha mji huu nikawaacha watu nje. Ndiyo maana nimelazimika kufikiri sana juu ya namna ya kuwaendea.

Kuna mama mmoja alinifundisha zaidi ya yeyote. (Nimebadilisha mambo mawili matatu hapa ili asitambulike.) Alikuwa anakaanga samaki, jua la asubuhi limepenya kwenye moshi wa mafuta, mkono wake unageuza vibua kwenye karai bila hata kutazama. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamwomba nimpige picha. Akasema, "Hapana, mwanangu. Piga samaki." Nikapiga samaki. Wateja walipopungua akaniita mwenyewe, akanieleza. Alikuwa amehama mtaa kwa sababu ya mkopo wa kausha damu, ile ya mtaani yenye riba kali. Wakopeshaji walishabeba televisheni na godoro, na bado walikuwa wanamtafuta. "Picha yangu ikionekana kwenye simu ya mtu mmoja tu anayewajua," alisema, "kesho wako hapa na hili karai wanalichukua."

Karai lenyewe ndilo lililokuwa linalisha watoto wake.

Tangu hapo nikiona uso mzuri sokoni najiuliza kwanza uso huo unaficha nini kisichonihusu. Machinga aliyepanga bidhaa zake mahali palipopigwa marufuku hataki ushahidi wa mahali alipokaa, hasa baada ya ile operesheni ya mwaka 2021 ya kuwaondoa barabarani. Msichana aliyekimbia mume anayempiga hataki ijulikane kwamba yuko Mbagala. Kijana mwingine ameacha chuo, na kijijini wanaamini bado anasoma. Hakuna hata mmoja kati yao anayevunja haki ya mtu kwa kukataa picha, na hakuna anayewajibika kunieleza sababu. Na simu zetu zinaongeza hatari: picha nyingi hubeba ndani yake saa na hata mahali ilipopigwa, usipozima huduma hiyo.

Mtu hupenda kusema, "Yuko hadharani, sina kosa." Mahakama zenyewe hazijakubaliana juu ya hilo. Nchini Canada mwaka 1998 Mahakama ya Juu ilimpa ushindi binti aliyepigwa picha akiwa na miaka 17, ameketi tu kwenye ngazi za jengo huko Montreal, picha ikachapishwa na jarida bila idhini yake. Fidia ilikuwa dola 2,000. Picha haikuwa na aibu yoyote, ila wenzake walimcheka, na uso ulikuwa wake. New York mwaka 2006 mambo yakawa kinyume: mzee aliyepigwa picha Times Square bila kujua alishindwa kesi, mahakama ikasema ile ni sanaa. Hapa kwetu, Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mtu, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Mimi moyo wangu uko na yule binti. Kutoka nje kwenda kununua nyanya si kutia saini mkataba.

Hatari nyingine ni ya mpiga picha mwenyewe. Feri iko jirani na Ikulu ya Magogoni, na askari akikuona umeinua kamera kuelekea huko hatasubiri maelezo. Majengo ya ulinzi, askari wakiwa kazini, mageti ya bandari: kamera ibaki begani. Na sokoni, mtu akihisi umemwibia picha, sauti moja ya "huyu anatupiga picha!" inatosha kukusanya watu. Hasira hiyo naielewa. Watu wamepigwa picha miaka na miaka na wageni na wenyeji, picha zikaenda kuuzwa au kuombewa misaada, wao hawakuona hata nakala.

Kwa hiyo mimi naanza na salamu. Shikamoo kwa wakubwa, mambo kwa vijana, kisha maneno mawili juu ya kazi yao. Sinunui kitu ili nimfanye mtu ashindwe kukataa. Nikinunua, nanunua baada ya jibu lake. Namwambia picha inaenda wapi, kwa sababu kukubali kupigwa si kukubali kuwekwa Instagram. Namwonyesha kwenye kioo cha kamera, na asipoipenda naifuta mbele yake. Kisha naisafisha studio na kumpelekea, na hapo ndipo wengi wetu tunapofeli: tunaahidi, tunaondoka. Mzee mmoja wa mkokoteni nilipompelekea picha yake aliifuta vumbi kwa shati, akaniuliza kama naweza kumtolea nyingine apeleke Tandahimba kwa mama yake.

Watoto siwapigi bila mzazi kuwepo, hata wakinikimbilia wakiruka Coco Beach. Wagonjwa, walevi, aliyelala, aliyeanguka, hapana kabisa. Jengo lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024, picha za watu wakitolewa kwenye kifusi zilizunguka kwenye simu zetu huku ndugu zao wakiwa bado wanatafuta habari. Hakuna anayestahili kujua hali ya ndugu yake kwa njia ya stetasi.

Rafiki yangu, mpiga picha mzuri kuliko mimi, haafiki. Anasema ukiomba ruhusa picha imeshakufa: mtu anajiweka sawa, anavuta shati, anakaza uso. Anasema pia kwamba picha za Dar ya zamani tunazozipenda leo nyingi zilipigwa bila kuomba, na bila hizo tusingejua babu zetu walitembeaje mtaani. Hoja hii ya pili ina uzito na siipuuzi. Lakini zile picha zilikaa kwenye albamu na magazeti. Ya leo inafika kwa mkopeshaji kabla samaki hawajaiva. Nimemwambia apige kwanza kama ni lazima, kisha aende kwa mtu amwonyeshe na kumuuliza, kabla ya kuiweka popote. Amekubali kujaribu Jumamosi hii pale Feri. Nikamshauri pia apige migongo na mikono tu pale mtu asipotaka uso wake uonekane, hilo amekataa katakata. Anasema picha isiyo na uso si ya mtu. Hilo bado tunabishana.

Kwenye kundi la ukoo nimeandika: tafadhali tuifute ile ya mzee. Shangazi ameifuta. Wengine wamesoma, kimya.