Siku moja maishani mwangu: fundi chokaa wa Mji Mkongwe

Saa 11:00 alfajiri

Nikishasali nakunywa chai ya rangi na kipande cha mkate wa kumimina, kisha najipaka mafuta ya nazi mikono yote miwili mpaka viwikoni. Chokaa inakula ngozi. Fundi asiyejipaka asubuhi, jioni vidole vinampasuka na usiku hawezi hata kufunga kifungo cha shati. Daladala ya mwanzo kutoka Fuoni inanishusha Darajani jua halijatoka, na kutoka pale nakata vichochoro kwa miguu mpaka Kiponda.

Naandika haya kwa sababu nimechoka kuambiwa kwamba sisi tunaotengeneza nyumba kongwe tunavuta kazi ili tule fedha za watu. "Miezi yote hiyo nyumba moja tu! Kule Fuoni mtu kashainua ghorofa." Nimesikia maneno hayo kwa wenye nyumba, kwa majirani, hata kwa shemeji yangu. Basi leo ione kazi yenyewe.

Saa 1:00 asubuhi

Nyumba ni ya urithi, ghorofa mbili, wenyewe wanasema ilijengwa zama za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar wa karne ya kumi na tisa. Ina mlango wa nakshi, baraza ya mawe nje, ua mdogo wa ndani na ngazi nyembamba ambayo watu wawili hawapishani. Imo katika orodha ya majengo yanayohifadhiwa, kwa hiyo hatugusi kitu bila kibali, na kibali kimeeleza madirisha yawe ya mbao, lipu iwe ya chokaa, dari iwe ya boriti. Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na wengi wanadhani habari hiyo inawahusu watalii peke yao. Mimi inanihusu kila asubuhi ninapofungua pipa.

Pipani mna chokaa iliyozimwa zamani. Jiwe la matumbawe linachomwa tanuuni, linatoka jepesi na kavu, linamwagiwa maji na hapo linachemka lenyewe bila moto, mvuke unatoka, na asiye na adabu na chokaa anaunguzwa macho. Baada ya hapo inafunikwa kwa maji na kuachwa. Kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Nachota kwa mwiko: imeshikana kama samli ya asubuhi ya baridi, inateleza bila kudondoka. Hiyo ndiyo ninayoitaka. Ukiichukua kabla ya wakati, chembe ambazo hazijazimika vizuri zinakuja kuvimba ndani ya ukuta, na lipu inatoa vidonda.

Vijana wangu wawili wanachekecha mchanga. Mchanga wa pwani haufai kwa sababu ya chumvi, na huu wa shamba siku hizi kuupata Unguja ni shughuli, kwa hiyo hakuna karai linalomwagwa ovyo. Karai moja la chokaa, matatu ya mchanga, na beleshi lifanye kazi mpaka rangi iwe moja. Wakati huo mimi nanyunyizia maji ukuta wa chumba cha juu. Ukuta mkavu unainyonya lipu maji yake na kuiua kabla haijashika.

Saa 2:00 mpaka saa 4:00 ni kutomea vijiwe kwenye mashimo na kupiga lipu, mkono unakwenda na kurudi, hakuna la kusimulia.

Saa 4:00

Vitumbua vimefika, chai imemiminwa, na mimi nina dakika chache tu kwa sababu lipu ya juu imeanza kukaza na inatakiwa isuguliwe ikiwa bado ina unyevu. Ndipo nikasikia magurudumu ya rikwama kichochoroni na hamali anapiga kelele, "Jamani pita! Pita!"

Rikwama imejaa mifuko ya saruji. Nyuma yake anakuja mmoja wa warithi, mdogo wao wa mwisho, anayeishi Muscat na amekuja likizo.

"Asalaam aleikum, fundi."

"Waaleikum salaam, bwana. Karibu chai."

Chai hakuitaka. Akaanza palepale mlangoni, hamali bado anashusha. Kwa nini kazi haiishi? Wageni wa kupangisha wanatakiwa waingie msimu wa kiangazi. Amezungumza na mtu wa alumini, vipimo vya madirisha vimeshachukuliwa. Saruji hii hapa, vyumba vya chini vipigwe leo, kesho kutwa vipakwe rangi, mambo yaishe.

Nikamwambia, "Bwana, saruji kwenye ukuta huu siipigi."

"Kwani fundi, nyumba yako au yangu?"

"Yenu. Nakuomba kitu kimoja, njoo nikuoneshe chumba cha nyuma, halafu uamue."

Nilikwenda naye huku nikisikia juu kijana wangu ananiita, "Fundi, inakauka!" Nikamwambia aifunike kwa gunia bichi na asubiri.

Chumba cha nyuma kilipigwa saruji miaka ya nyuma, kabla yetu. Ukikitazama ukiwa mlangoni, ukuta ni mnyoofu, safi, mtu ataupenda. Ukisogea unaona rangi imevimba mpaka usawa wa kifua. Nikagonga kwa mpini wa mwiko: sauti ya uwazi. Nikatia tindo pembeni, nikagonga mara moja, na bamba zima likaanguka miguuni petu. Nikaligeuza. Kwa nyuma limeng'oka na ngozi ya jiwe, jiwe la matumbawe lenyewe limekuwa unga, na juu ya unga ule kuna manyoya meupe membamba.

"Onja," nikamwambia.

Akanitazama. Kisha akaweka kidole mdomoni. "Chumvi."

Nikamweleza taratibu, ingawa moyo ulikuwa juu kwenye lipu. Ukuta huu una unene wa zaidi ya nusu mita, mawe ya matumbawe na udongo na chokaa, umekaa juu ya ardhi yenye unyevu siku zote, na bahari iko karibu. Maji yanapanda ukutani mchana na usiku, na waliojenga walilijua hilo. Chokaa inayaacha maji yatoke, yakifika usoni yanakauka na upepo. Ukiufunika kwa saruji, maji hayana pa kutokea, yanazidi kupanda, chumvi inaganda ndani na kulipasua jiwe. Nikachukua bisibisi, nikapanda kigoda, nikaichoma ncha ya boriti pale inapoingia ukutani. Ikazama mpaka kwenye mpini, bila nguvu. Boriti ile ndiyo inayobeba sakafu ya chumba ambacho wageni wake watalala.

Akanyamaza kidogo. Nikadhani yamekwisha, kumbe bado. "Mbona kuna mahoteli wamepiga saruji na watu wanalala?" Wapo, nikamjibu, na baadhi yao nimewabandulia mimi. "Na alumini nayo ina kosa gani?" Nikamwambia asome kibali. Akampigia simu dada yake Dar es Salaam, kwa sauti, akizunguka uani, fundi huyu mkaidi, fundi huyu anataka kutufilisi. Nilisimama pale nikiwa nimeshika bisibisi yangu, mtu mzima, nikisemwa mbele ya vijana wangu ninaowafundisha. Sikumjibu. Mzee wa jirani anayekaa barazani kutwa alikuwa amechungulia mlangoni, akamwambia, "Mwanangu, hata Beit al-Ajaib tulikuwa tukilipita kila siku tukiliona limesimama." Upande mmoja wa jumba lile la kale la masultani, lililopo hapa Mji Mkongwe, uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na watu wawili wakafariki, na tangu hapo watu wa mitaa hii wanazitazama nyufa zao kwa jicho jengine.

Yule bwana akaondoka bila kuaga vizuri. Saruji ikabaki ukumbini. Hamali akanidai mimi nauli yake, na nikamlipa kwa kuwa jua lilikuwa kali na hakuwa na kosa.

Juu, nusu ya lipu ilikuwa imeshakauka na kuanza kutoa nyufa za nywele. Tukaibandua, tukalowesha ukuta, tukaanza upya.

Adhuhuri na kuendelea

Baada ya sala na sahani ya wali na mchuzi wa samaki, boriti. Hapa ndipo siku inapopoteza saa zake.

Boriti ni mti wa mikoko, mgumu, mzito kuliko unavyoonekana. Vyumba vya nyumba hizi ni vyembamba kwa sababu yake: upana wa chumba umefuata urefu wa boriti, karibu mita tatu, hazidi sana. Tulikuwa na za kubadilisha juu ya ukumbi. Kwanza unategemeza sakafu yote kwa nguzo za muda, unakaza kabari kidogokidogo ukisikiliza, maana sakafu ya mawe na chokaa ikilia umekwenda mno. Kisha unachimbua ncha zilizooza, kokoto zinakuanguka machoni, unashusha ile ya zamani, unapandisha mpya kwa kamba kutokea uani kwa kuwa ngazini haikunjiki. Bega langu la kulia sasa hivi ninavyoandika siwezi kuliinua. Ukishaiingiza ukutani unaacha upenyo kandokando ya ncha ili hewa ipite, na hapo ndipo kijana alipotaka kujaza chokaa yote ili ionekane nadhifu. Nikamzuia, nikamwonesha ile tuliyoitoa. Akaishika mkononi, ikamomonyoka, akaelewa bila maneno mengi. Huyu atakuwa fundi.

Alasiri ikapita tukiwa juu ya jukwaa. Nakumbuka kukamata kidaka cha chumba cha kusini, kile kishubaka cha ukutani cha kuwekea vitu, kingo zake nikazizungusha kwa mwiko mdogo na kitambaa kibichi. Kuta hizi hazina pembe kali, na ukitia timazi utaona zinapungua unene zikipanda. Fundi mgeni anataka kuzinyoosha. Sisi tunaufuata ukuta ulivyo, na mwanga wa jioni ukiingia dirishani unaona uso wote umetulia, hauna mahali unapokwaruza jicho. Kazi hii naipenda. Imenichosha mwili na bado naipenda.

Kabla ya kufunga tukatundika magunia mabichi juu ya lipu mpya. Chokaa inashika polepole kwa kuvuta hewa, na upepo wa kusi ukiikausha kwa haraka inakuwa unga. Asubuhi yataloweshwa tena, na keshokutwa tena. Hiyo ndiyo miezi mnayoiuliza.

Usiku

Nimekwisha kuoga na kujipaka mafuta tena, simu ikalia ujumbe. Dada mtu wa Dar es Salaam. Ananisalimu kwa heshima, anaomba picha za ile chumvi na ile boriti awaoneshe nduguze, na anauliza seremala anachukua kiasi gani kwa dirisha moja la mbao. Nimemjibu kuwa picha nitapiga kesho mwanga ukiwa mzuri, bei nitamletea baada ya kwenda kwa seremala mwenyewe, na mifuko ya saruji tafadhali iondoke kabla ya Ijumaa, kwa sababu pale ukumbini ndipo tunapohamishia jukwaa.