Siku moja na kipima radoni: vyumba vya chini vya Isamilo

Saa 12 asubuhi

Watu wakiniuliza nafanya kazi gani huwa najibu "mambo ya hewa", maana nikitaja radoni, gesi yenye mionzi inayotoka ardhini, inabidi nitoe mhadhara. Kazi nilijifunzia chini ya ardhi, kwenye migodi ya dhahabu upande wa Geita, kitengo cha kupitisha hewa mashimoni. Siku hizi wateja wangu ni wenye nyumba za zamani za milimani hapa Mwanza: Isamilo, Bugando, Capri Point. Ni nyumba zilizochimbiwa kwenye mteremko, juu sebule inatazama ziwa, chini kuna chumba kimoja au viwili ambavyo ukuta wa nyuma umeegemea mwamba wenyewe. Wengine huviita besmenti. Mara nyingi ndimo anamolala mwanafunzi, mgeni au mpangaji.

Napakia begi: kipima radoni cha betri, mashine ya kutobolea, mashine ya kufyonza vumbi, silikoni, na pakiti ya udi. Udi una kazi yake, tutafika.

Saa 2 asubuhi

"Mwangaluka mayu." Mwenye nyumba ni mama mstaafu, na kazi haianzi kabla ya chai na maandazi. Aliyemsukuma anipigie ni mwanawe anayeishi Marekani. Kule mtu akitaka kununua nyumba ni kawaida aipime radoni kwanza, na kijana alipopima ya kwake akaanza kuwaza chumba cha chini cha nyumbani, ambamo sasa analala mpwa wake.

Kipima nilikiacha mle wiki iliyopita, kimo cha kitanda, mbali na dirisha na mlango. Ukikiweka dirishani kitapima upepo wa ziwa, na utafurahi bure. Nafungua kumbukumbu yake simuni. Mchana namba iko chini ya 100. Kuanzia saa 4 usiku inapanda, hadi alfajiri inavuka 300, halafu mlango ukifunguliwa asubuhi inaporomoka. Vipimo hivi ni bekereli, kizio cha mionzi, kwa mita ya ujazo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nchi zilenge 100, na kama mazingira hayaruhusu, basi kiwango kisizidi 300. Wamarekani wana kizio chao na kikomo chao, pikokyuri 4 kwa lita, sawa na bekereli 148.

"Sasa mwanangu, mbona watoto wangu wote wamekulia humu na hawakuumwa?"

Hili swali naulizwa kila nyumba, na jibu lake ndilo kiini cha kazi yangu. Mawe ya Mwanza ni matale, yaani graniti, na matale yana urani kidogo, madini yenye mionzi. Urani ikivunjika yenyewe polepole huzaa radiamu, na radiamu huzaa radoni, ambayo ni gesi: haina rangi, haina harufu, inapenya kwenye nyufa za mwamba na za sakafu. Nusu yake huisha kila baada ya siku 3.8, kwa hiyo inao muda wa kutosha kufika chumbani. Ukiivuta, vizalia vyake kama poloniamu hunasa kwenye mapafu na kutoa mionzi ya alfa humo humo. Katika nchi nyingi ni chanzo cha pili cha saratani ya mapafu baada ya sigara, na mvutaji anayeishi na radoni yuko pabaya zaidi.

Lakini gesi ilikuwepo tangu zamani. Kilichobadilika ni nyumba. Chumba hiki kilikuwa na madirisha ya vioo vya vipande, havifungi hata ukivisukuma, na matundu ya hewa juu ya linta. Ukarabati ulipofanyika, fundi akatia dirisha la alminiamu la kuteleza, akaziba matundu yote ili baridi ya kiyoyozi isitoke, akapaka rangi. Chumba kikapendeza kama cha hoteli. Kikaacha kupumua. Mimi binafsi naona kuziba yale matundu ya juu ni uharibifu mkubwa kuliko nyufa zote za sakafuni.

Saa 4 asubuhi

Kuinusa gesi inakoingilia. Nahamisha kitanda, nakunja zulia, napitisha kipima kidogo kidogo pembezoni. Kwenye kiungo cha sakafu na ukuta wa mwambani namba inapanda. Kwenye tundu la bomba la maji taka inapanda zaidi, kwa sababu fundi alipitisha bomba akaacha uwazi wa kidole, akaufunika kwa vigae. Katikati ya sakafu, kwenye ufa mkubwa ambao mama anauogopa kuliko vyote, hakuna kitu.

Hapo ndipo wateja wengi wanasema, "Basi tupige silikoni tumalize." Tutapiga. Ila kuziba peke yake hakutoshi. Gesi iliyokosa mlango huu inatafuta mwingine. Mvua ikinyesha ndio kabisa: udongo wa nje ukiloa unajifunga, na gesi inakuja pale palipo pakavu, yaani chini ya nyumba.

Saa 6 mchana

Sasa udi. Natoboa tundu moja kwenye jamvi, yaani zege la sakafu, karibu na kona, naweka bomba la mashine ya kufyonza na kuiwasha. Msaidizi wangu anatoboa vitundu vyembamba kwenye kona nyingine, tunavisogelea na udi unaowaka. Moshi ukivutwa kuingia chini, ina maana hewa inatembea chini ya jamvi na bomba moja litatosha. Kona mbili moshi unazama vizuri. Ya tatu unapepea tu. Chini ya hapo mwamba umejitokeza ukagusa zege, hakuna njia. Chumba kinanukia kama kuna arusi, na mama anacheka mlangoni.

Suluhisho linajichora lenyewe. Tutachimba shimo la ukubwa wa ndoo chini ya jamvi, na jingine dogo upande wa mwamba, tuyaunge kwa bomba la PVC la inchi 4 linalopanda nje ya ukuta hadi juu ya paa, mbali na madirisha. Feni ya kunyonya itakaa nje, juu. Haikai chumbani kamwe, kwa sababu bomba lililo mbele ya feni likivuja linapuliza gesi ndani. Feni za namna hii hazili umeme mwingi, kati ya wati 20 na 90, lakini lazima ziwake usiku na mchana.

Saa 8 mchana

Ugali na sato, haraka, kwa mama lishe karibu na stendi. Msaidizi anauliza ni nani aligundua balaa hili majumbani. Wachimbaji walishaumwa zamani, lakini kwa majumbani kisa kinachojulikana sana ni cha mwaka 1984, Pennsylvania. Mhandisi Stanley Watras alikuwa akiingia kazini kwenye kinu cha nyuklia cha Limerick, na king'ora cha mionzi kinalia. Kinu chenyewe kilikuwa bado hakijaanza kuzalisha umeme. Mionzi alitoka nayo kwake! Walipopima nyumba yake wakakuta kama pikokyuri 2,700 kwa lita.

"Kwa hiyo ya mama ni ndogo." Ni ndogo sana ukilinganisha. Ila anayelala mle ni mtoto wa shule.

Saa 9 alasiri

Kuchimba, kuunga, kuziba. Sina la kusimulia, ni vumbi na kelele. Jirani amechungulia kuuliza kama na maji yana radoni. Visima virefu vya kwenye matale vinaweza kuwa nayo. Maji ya bomba ya hapa mjini yanatoka ziwani, hayana ya kutaja.

Saa 12 jioni

Feni imewaka. Kwenye bomba nimefunga mrija wenye umbo la U uliojaa maji ya rangi: pande mbili zikipishana, mvuto upo, zikilingana, feni imekufa au umeme umekatika. Namwonyesha mpwa, maana yeye ndiye atakayekuwa anautazama. Umeme ukikatika afungue mlango na dirisha. Matundu ya juu ya linta tumeyafungua na kuyawekea wavu wa mbu. Kipima kinabaki wiki moja kuanzia kesho jioni, na baadaye nitaleta kile kidogo cha plastiki cha kukaa miezi mitatu, maana usiku mmoja mzuri hauthibitishi kitu.

Saa 2 usiku

Simu kutoka kwa mwenye nyumba wa Capri Point. Anataka nikapige silikoni kwenye sakafu ya chumba cha chini, kazi ya nusu siku, na fundi wake wa madirisha anakuja Jumatatu. Nimemwambia nitafika Jumamosi na kipima, na huyo wa madirisha asubiri kwanza.