Folda haifunguki? Usikimbilie kuzima antivairasi

Jana nimehangaika zaidi ya masaa mawili na folda moja tu. Laptopu inaiona kabisa kompyuta ya mezani, nikiklik folda niliyoishea inazunguka weee halafu inasema haipatikani, na paswedi iko sawa maana nimeiweka mwenyewe. Nikazima fayawoli ya antivairasi kwenye hiyo ya mezani, yaani ile sehemu inayoamua nini kiingie au kitoke kupitia mtandao, folda ikafunguka palepale. Sasa wengi wetu tunaishia hapo, tunaiacha imezimwa kazi iendelee, na jamani hapo ndo pa hatari.

Windows inashea mafaili kwa kupitia poti 445, poti ni kama mlango wa mtandao wenye namba yake. Poti hiyohiyo ndo kiliyopitia kirusi cha WannaCry Mei 2017, kile cha kufunga mafaili ya watu na kudai pesa, kikawa kinaruka mashine hadi mashine bila mtu kuklik chochote, na Microsoft walishatoa sasisho la kuziba hilo tundu tangu Machi.

Basi nikaiwasha tena. Kuangalia mtandao, kumbe Windows imeuweka Public (mtandao wa watu usioaminika), nikaubadilisha kuwa Private (wa nyumbani), bado ikagoma kwa sababu fayawoli ya antivairasi ina sheria zake yenyewe. Nikaiongezea ruhusa moja: TCP 445 (yaani ile poti 445), ya kuingia, kutoka 192.168.1.20 peke yake, ambayo ni anwani ya laptopu, na kwenye ruta nikaiwekea laptopu anwani hiyohiyo siku zote, isije ikabadilika kesho.

Kinachochanganya watu ni kwamba ruhusa ya fayawoli na kuiambia antivairasi isiskani folda ni vitu viwili tofauti kabisa. Hiyo ya pili haifungui njia yoyote, mtu anaiweka, folda bado haifunguki, na anaisahau hukohuko, kuanzia siku hiyo kila kinachodondoshwa humo hakikaguliwi. Na folda ya kushea inaguswa na mashine kibao! Kama kuna faili zito la databesi linalokwama kila likiskaniwa, ruka hilo faili tu, na kama liko kwenye seva andika njia kamili ya \\seva\folda, usiandike herufi ya draivu kama Z:, kwa sababu Z: umeiunganisha wewe kwenye akaunti yako, antivairasi inaendeshwa na akaunti ya sistimu na haiijui.

Leo asubuhi nimepitia orodha yangu yote ya ruhusa. Nimekuta programu ya torenti (ya kushusha mafaili) niliyoifuta zamani bado imeruhusiwa poti zote, mtandao wowote. Nimeitoa.