Hizi "dakika mbili" za kuediti PDF

Leo nimeshinda na ripoti moja ya PDF. Mwenye nayo aliniambia ni vitu vidogo tu, badilisha mwezi hapa, rekebisha jina pale, dakika mbili umemaliza. Siku nzima imeishia humo, na naandika kwa sababu naona watu wengi wanadhani PDF ni Word iliyofungwa tu, ukiifungua unaandika. Sivyo kabisa.

Adobe waliitoa PDF mwaka 1993 ili ukurasa uonekane vilevile kwenye kompyuta yoyote na printa yoyote, basi. Ndani yake mara nyingi hakuna aya wala sentensi, kuna maelekezo ya kuchora tu, yaani chukua herufi hii iweke umbali huu kutoka kushoto na huu kutoka chini, haya inayofuata. Kuna mafaili hata nafasi kati ya maneno haimo, herufi zimeachanishwa tu kwa macho, ndo maana wakati mwingine ukikopi unapata maneno yamegandana.

Sasa huo mwezi. Ilikuwa "Juni", inatakiwa "Septemba". Herufi 4 zinakuwa 8, kwenye Word neno la mwisho lingeshuka lenyewe mstari wa chini na kazi imeisha, ila huku mstari haujui kama chini yake kuna mstari mwingine kwa hiyo maneno yanasukumana mpaka yanatoka nje ya pambizo. Programu nyingine zinajaribu kukisia aya inaanzia wapi na kuishia wapi, zikikosea zinachanganya safu ya kushoto na ya kulia, jedwali nalo linavurugika.

Lakini lililoniuma ni jina. PDF ikitengenezwa, mara nyingi haibebi fonti nzima, inabeba zile herufi zilizotumika tu ili faili liwe jepesi. Jina lenyewe linaanza na Q. Kiswahili hakina Q, kwa hiyo ripoti yote haikuwa nayo hata moja, na herufi hiyo humo ndani haipo. Ukiandika kinatokea kiboksi kitupu, ukikubali fonti mbadala inakuja Q nene kuliko wenzake na imepanda juu kidogo. Jina la mtu, kwenye karatasi atakayoionyesha kwa watu, linaonekana kama limeghushiwa! Hana kosa lolote jamani.

Na wale wanaoficha namba za siri za watu kwa kuchora boksi jeusi juu, tafadhali acheni. Maandishi bado yapo chini ya boksi, mtu anayaburuza na mausi anakopi anapesti anasoma yote. Hata ukifuta kabisa, kuna namna ya kusevu ambayo mabadiliko yanaongezwa tu mwishoni mwa faili na yale ya zamani yanabaki humohumo. Tumieni zana maalum ya kuondoa maandishi iliyomo kwenye programu ya PDF, kisha jaribuni wenyewe kutafuta lile neno kabla ya kutuma.

Hati zilizosainiwa kidijitali sizigusi, ukibadilisha neno programu itasema imebadilishwa baada ya saini, na ni haki iseme hivyo. Zilizoskaniwa ndo picha tupu.

Kujaza fomu, kuweka maoni pembeni, kuunganisha au kugeuza kurasa, hayo PDF inayaweza vizuri tu. Ila maneno yenyewe yarekebishwe kwenye faili la asili, halafu itolewe PDF mpya. Mimi sasa kila anayeniletea kazi namuomba kwanza hilo la asili, na wanaotumia LibreOffice (programu ya bure ya kuandikia kama Word) nawaambia wakati wa kutoa PDF watiki sehemu ya kuambatisha faili la ODF, yaani lile la asili la LibreOffice, ndani yake, hapo hata miaka ikipita na kompyuta iliyoandikia ikiharibika, anayeifungua kwa LibreOffice anaipata hati nzima na aya zake, anaandika kawaida.