Jino la Kwanza, Jino la Pili

Mwanza, Alhamisi usiku

Leo mchana nimekaa mbele ya darubini muda mrefu kuliko kawaida. Kwenye kioo kulikuwa na kipande cha nyama kilichokatwa kwenye taya la mvulana wa miaka sita, ambaye kwao walianza kwa kumng'oa jino, kisha la pili, na shavu likazidi kuvimba. Limfoma ya Burkitt, saratani ya seli za kinga, hulegeza meno, na seli zake huweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili, hivyo wiki mbili za kung'oa meno si muda mdogo.

Nililiona lile tunaloliita anga lenye nyota: seli B, zile za kutengeneza kingamwili, ambazo hapa ndizo zilizogeuka saratani, zimesongamana, zambarau iliyokolea, na hapa na pale doa jeupe, yaani makrofaji, seli ya kinga inayomeza seli zilizokufa. Askari yupo kazini, ila anazoa maiti huku walio hai wakizaliana pembeni yake.

Bibi yake alikuwa ameniuliza dirishani, kwa sauti ya chini, "Daktari, au kinga yake ndiyo imeisha?" Nilijua anachokiogopa. "Hapana, bibi, kipimo kile kilitoka salama." (Mimi si daktari, lakini hapo dirishani sote ni madaktari.)

Kinga yake haikuisha, imechoshwa. Kirusi cha Epstein-Barr, kilichoonekana mwaka 1964 katika seli za uvimbe uliotoka Uganda, huwaingia karibu watoto wote wa kanda hii wakiwa wadogo, na wengi huishi nacho bila dhara. Malaria inayorudi kila mara ndiyo huziamsha seli B zigawanyike ovyo, na katika pilikapilika hizo kimeng'enya cha kuzinoa kingamwili huweza kukata pasipostahili, kromosomu ya 8 na ya 14 zikabadilishana vipande, na jeni ya MYC, inayoziamuru seli zigawanyike, ikabaki imewashwa. Watafiti waliowapima watoto wa magharibi mwa Kenya waliona kwamba wagonjwa walikuwa na seli T, askari wengine wa kinga, za kutambua protini nyingine za kirusi, ila dhidi ya EBNA1, protini ya kirusi ambayo seli za uvimbe huendelea kuitengeneza, wengi wao hawakuonyesha mwitikio. Pengo moja jembamba, katika ukuta uliosimama.

Majibu niliyapeleka wodini mwenyewe, badala ya kuyaacha yasubiri asubuhi. Saiklofosfamidi, dawa ya saratani hii, ilikuwapo. Mtoto alikuwa ameshatundikiwa dripu, maana uvimbe huu ukiyeyuka ghafla hulemea figo, na bibi alikuwa akimpoozea uji kwa kijiko, upande usiouma.